Kuchapisha vikombe na fulana nyumbani: nikate nini kwa ushuru, na masaa yangu yanaingia wapi?

Swali: "Hujambo kaka. Mimi nachapisha vikombe, fulana na zawadi za ofisi, nafanyia nyumbani hapa Kasarani, nyumba ni ya vyumba viwili vya kulala na kimoja nimekigeuza cha kazi. Mauzo ni kama 200,000 kwa mwezi. Nikitoa fulana na vikombe vya kuchapisha, wino, stima, boda na msichana anayenisaidia nabaki na kama 40,000. Sina kazi nyingine ya mshahara. Ritani ya KRA huwa nafaili ya sifuri manake niliambiwa biashara ya nyumbani haihesabiki. Sasa kuna video nimeona, mtu anasema ukifanya kazi nyumbani masaa kadhaa kwa mwezi unaruhusiwa kukata kiasi fulani kwa ushuru, bila hata risiti. Mimi naanza saa kumi na moja alfajiri namaliza saa nne usiku, hayo masaa yote siwezi kuyakata? Na kodi ya nyumba je? Na huyu msichana, kuna masaa ambayo sheria inasema asipitishe? Disemba huwa tunafanya mpaka Jumapili."

Jibu: Hujambo dada yangu. Kwanza asante kwa kuweka namba, manake wengi huniuliza walipe ngapi bila kuniambia wanauza ngapi, na bila mauzo hapa hakuna mtu anaweza kukujibu kitu cha maana.

Wacha nianze na ile ya ritani ya sifuri kabla ya kitu kingine chochote, hiyo ndiyo inaniogopesha. Ritani ya sifuri ni ya mtu ambaye hakupata pesa yoyote mwaka huo, mwanafunzi, mtu ambaye hana kazi. Wewe unauza 2,400,000 kwa mwaka. KRA, yaani mamlaka ya ushuru ya Kenya, hawajali kama unauzia sebuleni au kwenye duka la Moi Avenue, mapato ni mapato, na hiyo pesa inapita kwa tili namba yako ya M-Pesa kila siku. Tena walishatangaza kwamba kuanzia ritani za mwaka wa mapato 2025 wanalinganisha mapato na matumizi uliyoandika na yale ambayo eTIMS, mfumo wao wa risiti za kielektroniki, unaonyesha, kwa hivyo ile kampuni uliyowauzia vikombe wakiandika PIN yako ya ushuru mahali, wewe ukaandika sifuri, mashine itaona. Usingoje barua. Ingia iTax, ile tovuti ya KRA, uombe kurekebisha hizo ritani, sheria inakuruhusu kurekebisha ndani ya miaka 5, na ushuru utakaotokea ukiwa mkubwa unaweza kuomba kulipa pole pole kwa awamu. Kuna penalti ya 5% ya ushuru uliochelewa na riba ya 1% kila mwezi, inauma lakini si ya kukuua, inayoua ni miaka kujilimbikiza.

Sasa tuje kwa video. Nina hakika huyo mtu alikuwa anaongea juu ya Uingereza, manake huko kweli kuna utaratibu wa hivyo kwa waliojiajiri. Ukifanya kazi nyumbani masaa 25 hadi 50 kwa mwezi unakata pauni 10, masaa 51 hadi 100 pauni 18, ukipita 100 unakata pauni 26, na huhitaji kuonyesha bili za kiasi hicho. Marekani nao wana yao, wanahesabu ukubwa wa chumba, dola 5 kwa kila futi mraba mpaka futi 300. Ni sheria halali kabisa huko kwao. Kenya hatuna jedwali kama hilo, hakuna popote kwa Sheria ya Ushuru wa Mapato, ile Sura ya 470, ambapo masaa ya mwenye biashara yanageuzwa kuwa shilingi za kukata. Kifungu cha 15 kinasema unakata matumizi ambayo yote, na kwa ajili hiyo peke yake, yametumika kuleta mapato. Kifungu cha 16 kinakataza matumizi ya kujitunza wewe, familia yako na nyumba yako. Na wewe si mfanyakazi wa biashara yako, wewe ndio biashara, huwezi kujilipa mshahara halafu ukauita gharama. Zile 40,000 unazobaki nazo ndio malipo ya masaa yako na ndizo zinazotozwa ushuru. Najua inauma ukiangalia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku, lakini ndivyo ilivyo, na masaa yako nitayarudia chini kwa sababu yana kazi nyingine.

Lakini hata kabla hujafika kwa kukata, kuna swali ambalo watu wengi wanaliruka na ndilo linaloamua kila kitu: wewe uko kwa mfumo gani wa ushuru? Biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, tangu Julai 2023, iko chini ya ushuru wa mauzo, ile TOT, 3% ya mauzo yote, unalipa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tatu kwa mia ya mauzo, si ya faida. Kwa TOT hukati chochote, si kodi ya nyumba, si stima, si wino, si mshahara wa msichana. Kwa hivyo mtu akikuuliza "umekata nini mwaka huu" na uko TOT, jibu ni hakuna, na si kosa. Kwako wewe ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, na hapo ushuru wa mapato ya hiyo biashara umeisha, unabaki tu kufaili ritani ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kama kila mtu.

Sheria lakini inakupa mlango wa kutoka. Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki TOT, unataka kutozwa kwa faida kama biashara kubwa, na hapo ndipo kukata gharama kunaanza kuwa na maana. Swali ni kama inakulipa kutoka. Nimepiga hesabu na namba zako kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, yaani 10% kwa 288,000 za kwanza, 25% kwa 100,000 zinazofuata, halafu 30% kwa kinachobaki katika kiwango chako, ukitoa msamaha wa mtu binafsi wa 28,800 kwa mwaka.

Faida yako ni 480,000 kwa mwaka. Ushuru unakuja 81,400, ukitoa msamaha unabaki 52,600. Kwa TOT ni 72,000. Kwa hivyo kwa karatasi ukitoka TOT unaokoa 19,400 na hapo ndipo watu wanaruka juu wanaandika barua. Subiri kwanza. Hiyo 52,600 inakubalika tu kama kila shilingi ya gharama zako, zile 1,920,000 za mwaka mzima, inakubaliwa na KRA. Na tangu Januari 2024 gharama ambayo haina risiti ya eTIMS haikubaliwi, basi, hata kama ulinunua kweli, hata kama una meseji ya M-Pesa, hata kama fulana ziko hapo zimepangwa kwenye kiti. Kuna vitu vichache vimeachwa nje ya hiyo kanuni, mishahara ni kimojawapo, bidhaa ulizoagiza mwenyewe kutoka nje zikapita forodha, riba ya mkopo, tiketi za ndege. Vingine vyote risiti.

Sasa jiulize kwa ukweli, ukienda Eastleigh kununua fulana dazeni kumi, ukienda Kamukunji kwa vikombe, unarudi na risiti ya eTIMS yenye PIN yako ngapi kati ya hizo? Tuseme una risiti za 1,500,000 tu na 420,000 ni za maneno na karatasi za kuandika kwa mkono. KRA wataona faida ya 900,000, na ushuru utakuwa 178,600. Mia na sabini na nane elfu dada, kwa mtu aliyepata 480,000! Ndio maana nasema mtu asitoke TOT kwa sababu ya video.

Mstari wa mpaka kati ya mifumo hiyo uko hapa: kwa mauzo ya 2,400,000, mifumo miwili inalingana faida inayokubaliwa ikiwa karibu 545,000. Ikizidi hapo TOT ni nafuu, ikipungua chini ya hapo kutoka ni nafuu. Maana yake kwa gharama zako za 1,920,000 unaweza kupoteza risiti za kama 65,000 tu kwa mwaka mzima, si kwa mwezi, na ukipita hapo umejiingiza hasara mwenyewe. Ni nafasi nyembamba sana. Na ukumbuke hii hesabu ni kwa sababu huna mshahara mahali pengine, mtu aliyeajiriwa ule msamaha wa 28,800 umeshatumika kwa PAYE yake, ule ushuru unaokatwa kwa mshahara, na faida ya biashara inapandia juu ya mshahara, kwake mambo yanabadilika kabisa.

Ushauri wangu kwako ni baki TOT mwaka huu, lakini ishi kama mtu atakayetoka mwaka ujao. Yaani anza kudai risiti leo. Muuzaji akikuambia bei na risiti ni nyingine, andika hizo bei mbili, mwisho wa miezi mitatu utajua kama kuhama kunalipa ama hakulipi, manake kama risiti inakuongezea 5% ya bei ya bidhaa utapoteza zaidi ya hizo 19,400 unazotafuta. Wale wadogo, kama fundi anayekushonea mifuko ya kufungia zawadi, sheria ya mwisho wa 2024 inaruhusu wewe mnunuzi utoe hiyo risiti kwa niaba yake kama mauzo yake hayapiti milioni 5 kwa mwaka, ila lazima awe na PIN na akubali. Boda ni hivyo hivyo, ukitumia mmoja au wawili wa kila siku unaweza kupanga nao, lakini ukichukua yeyote aliyesimama kwenye kona hiyo gharama hesabu imepotea.

Na wewe pia unatakiwa kutoa risiti za eTIMS, hata ukiwa TOT. Si lazima ununue mashine, unaweza kufanya kwa simu kupitia *222# au kwenye eCitizen. Kampuni itakayoagiza vikombe 200 vya Disemba itakuuliza hiyo risiti kabla ya kukulipa, kwa sababu bila hiyo wao ndio wanakosa kukata. Wenye biashara za nyumbani wengi wanapoteza oda kubwa hapo tu, bidhaa yao ikiwa nzuri kuliko ya dukani. Inanisikitisha kila nikiiona.

Haya, kodi ya nyumba. Tuchukue kwamba siku moja umetoka TOT. Chumba ulichogeuza cha kazi kina nafasi nzuri ya kukubalika kuliko meza ya kulia chakula, kwa sababu ya yale maneno ya kifungu cha 15, kwa ajili hiyo peke yake. Chumba chenye printa, hiti presi (mashine ya joto ya kubandika picha), rafu za vikombe na hakuna kitanda, ambacho mgeni akija halali humo, unaweza kukitetea. Sebule ambayo mchana unafungia zawadi na jioni watoto wanafanya homuwaki hiyo usiiguse, hata kama kwa haki yako unaona unaitumia kwa kazi nusu ya siku. Mimi hupendelea mtu adai kidogo anachoweza kukisimamia kuliko kingi cha kubabaika mbele ya afisa.

Pima nyumba kwa futi kamba. Tuseme nyumba nzima ni mita mraba 60 na hicho chumba ni 12, hiyo ni 20%. Kama unalipa 30,000 kwa mwezi, kipande cha biashara ni 6,000, kwa mwaka 72,000. Piga picha za chumba, chora ramani hata ya mkono na vipimo, weka tarehe, weka pamoja na mkataba wa nyumba. Lakini angalia tena ile nafasi ya 65,000. Kodi peke yake ni 72,000! Kama landilodi wako hatoi risiti ya eTIMS, na wengi utawaona wanakushangaa ukiwauliza, hicho kipande kinatupwa, faida yako inakuwa 552,000, ushuru 74,200, na TOT ilikuwa 72,000. Landilodi mmoja tu asiyetoa risiti anatosha kufanya uhamisho wote kuwa hasara. Kwa hivyo hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kupiga kabla ya kuandika barua yoyote kwa Kamishna. Na ukiwa unapiga soma mkataba kwanza, kuna mikataba inayosema nyumba ni ya kuishi tu, ongea naye vizuri kabla hujamwomba karatasi.

Stima ndiyo sehemu ambayo masaa yana kazi ya kweli, ila ni masaa ya mashine, si yako. Soma nyuma ya hiti presi imeandikwa wati ngapi. Kama ni 1,500, ikiwaka masaa manne inakula kama uniti 6, kwa siku 24 za kazi ni uniti 144 kwa mwezi, kwa kweli itakuwa chini kidogo manake ikifika joto lake hujizima na kuwaka. Weka daftari ukutani pale chumbani, andika saa ya kuwasha na saa ya kuzima, printa pia, halafu linganisha na uniti za token ulizonunua mwezi huo. Afadhali zaidi mwambie fundi wa stima akuwekee mita ndogo ya hicho chumba peke yake, hapo hakuna mjadala tena. Waifai kadiria kwa matumizi ya kweli, kama mnaangalia sinema nayo usiseme ni ya biashara yote. Laini ya simu ya biashara iwe yake, na M-Pesa ya biashara iwe yake, tafadhali, steitimenti ambayo ina karo ya shule, nyama na wino pamoja inakula siku nzima kuitenganisha na bado utabishana.

Mashine hazikatwi zote mwaka ulionunua. Kompyuta na vifaa vyake, printa ikiwemo, ni 25% kila mwaka ya thamani iliyobaki, printa ya 60,000 inakupa 15,000 mwaka wa kwanza, 11,250 wa pili, inaendelea kushuka hivyo. Fanicha kama meza na rafu ni 10%. Leseni ya biashara ya kaunti unakata, na kama huna hiyo leseni ichukue, Nairobi sasa ni leseni moja iliyounganishwa. Dada wa kazi anayepika na kuangalia mtoto ili wewe upate kuchapisha, hapana, hiyo ni ya nyumbani hata kama bila yeye usingefanya kazi. Chakula chako, hapana. Mafuta ya gari la familia, kama huandiki safari, hapana. Karatasi zote weka miaka 5.

Jambo dogo ambalo huenda likakuhusu: kama unafundisha watu kuchapisha kwa malipo, hiyo pesa ya mafunzo haiingii TOT, inatozwa kwa njia ya kawaida ya faida. Iandike kando.

Sasa msichana wako, na hapa naomba unisikilize kabisa kwa sababu hii ni riziki ya mtu mwingine. Ndio, kuna masaa. Amri ya jumla ya mishahara inaweka masaa 52 kwa wiki, yakigawanywa kwa siku 6, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Zaidi ya 52 ni ovataimu, saa moja analipwa kama saa moja na nusu, na akifanya siku yake ya mapumziko au sikukuu analipwa mara mbili. Hata ovataimu ina mwisho, masaa ya kawaida na ya ziada yakijumlishwa yasipite 116 kwa wiki mbili zinazofuatana. Kwa hivyo Disemba yenu ya kila siku mpaka saa nne usiku na Jumapili ndani yake imepita, hata kama yeye mwenyewe amekubali, hata kama anapenda hiyo pesa.

Hujaniambia unamlipa ngapi, tuchukue 18,000. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa 16,113.75 bila posho ya nyumba, kwa hivyo hakikisha hauko chini ya kilichopo sasa. Saa moja unaipata kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 225, inakuja 80. Ovataimu ni 120 kwa saa, Jumapili 160. Ukijua hizo namba mapema unaziweka kwa bei ya oda za Disemba, badala ya kumpa "kitu kidogo cha Krismasi" na kuona umelipa.

Kwa huo mshahara unamkata NSSF ya pensheni 6% ambayo ni 1,080, SHA ya bima ya afya 2.75% ambayo ni 495, na tozo ya nyumba za bei nafuu 1.5% ambayo ni 270, anabaki na 16,155. PAYE hakuna manake yuko chini ya 24,000. Wewe unaongeza NSSF nyingine 1,080, nyumba nyingine 270, na ada ya NITA ya mafunzo ya kazi shilingi 50, jumla 1,400 juu ya mshahara. Zote ziende kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukiona ni mzigo kumbuka nilisema mishahara haihitaji risiti ya eTIMS, ushahidi wake ni hizi hizi karatasi za kila mwezi, kwa hivyo 216,000 zake za mwaka na hizo 16,800 zako ni gharama safi kabisa siku ukitoka TOT. Ukimlipa mkononi bila karatasi, 232,800 zimetoka kwenye hesabu, na ile nafasi yako ya 65,000 imekwisha mara tatu na zaidi.

Na usimwite kibarua. Mtu anayekuja kila siku mwezi mzima, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi akimaliza mwaka, na kama kazi ni ya miezi 3 au zaidi anatakiwa kuwa na mkataba wa kuandika. Ukurasa mmoja unatosha, masaa, mshahara, siku ya kupumzika, sahihi mbili.

Nirudi kwa masaa yako sasa. Hutayakata kwa KRA lakini yaandike, wiki nne tu. Tuseme unafanya masaa 75 kwa wiki, hiyo ni kama 325 kwa mwezi. Zile 40,000 ukitoa TOT ya 6,000 zinabaki 34,000, gawa kwa 325, unapata kama shilingi 105 kwa saa. Msichana wako anapata 80 bila kununua wino, bila kukimbizana na mteja asiyelipa, bila kulala na wasiwasi wa oda. Wewe mwenye biashara, mwenye mashine, unamzidi kwa shilingi 25. Hii ndiyo namba ambayo ningetaka ikukasirishe kuliko ushuru, kwa sababu ushuru tumeona tofauti ya mifumo miwili ni 19,400 kwa mwaka kama kila kitu kimekaa sawa, lakini ukiongeza shilingi 30 kwa kila kikombe, na unachapisha tuseme vikombe 400 kwa mwezi, hiyo ni 12,000 kila mwezi, 144,000 kwa mwaka, na TOT inachukua 4,320 tu hapo.

Ukiyaandika utaona pia yanaenda wapi. Kwa biashara za aina yako nimeona mara nyingi masaa hayaliwi na kuchapisha, yanaliwa na kurekebisha dizaini kwenye WhatsApp mara ya tano kwa mteja wa kikombe kimoja, na safari za mjini kununua vitu vidogo vidogo. Dizaini ya kurekebisha zaidi ya mara mbili weka bei. Safari ya Kamukunji ifanye mara moja kwa wiki, kwa muuzaji mmoja anayetoa risiti ya eTIMS, hapo umeokoa masaa na umejaza lile pengo la risiti kwa mkono mmoja.

Kwa hivyo wiki hii fungua iTax, angalia kama PIN yako ina wajibu wa TOT, kama haina uongeze, halafu anza na mwezi huu kwenda mbele na kurekebisha za nyuma pole pole. Mpigie landilodi. Andika mkataba wa msichana. Barua ya Kamishna iache kwanza mpaka uwe na risiti za miezi mitatu mkononi, uzijumlishe, uone umekosa ngapi. Ukishapata hiyo jumla niandikie tena, niambie na bei ya kikombe chako, tutapiga hesabu upya pamoja.